Ushuhuda wa Mama Lusekelo wa Ibaba

Jamani, aibu hii siwezi kusema nimeificha, maana utafichaje jambo ambalo kanisa zima lilikuwepo, kwaya ilikuwepo, na mama yangu mzazi alikuwepo kiti cha mbele kabisa na kanga yake mpya. Ninaowasimulia ni ninyi wachache ambao hamkuwepo, tena nawasimulia kwa mdomo wangu kabla hamjasikia kwa watu, kwa sababu kwa watu mtaambiwa nilizimia. Sikuzimia. Nilitamani sana kuzimia, lakini mwili ulikataa.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Yusta, Mama Neema, fundi cherehani hapa Tunduma, kibanda changu kiko njia ya kwenda mpakani, pale ambapo malori yakijipanga unaweza kumaliza kushona gauni zima na lori lililokuwa mbele yako bado lipo na dereva ameshaanika taulo. Na ni mwandishi pia. (Mama yangu nikisema hivyo huwa anaangalia pembeni.) Naandika vile vitabu vidogo vya Kikristo, vya kusoma ukurasa mmoja asubuhi kabla ya chai, naviandika kwenye daftari hapo hapo kwenye cherehani, mguu kwenye pedeli, kalamu sikioni. Kitabu cha kwanza kilinunuliwa na ndugu zangu na watu waliokuwa wananionea aibu, vingine vikakaa kwenye maboksi chini ya kitanda mpaka mume wangu, Baba Neema, akawa anaweka soksi zake juu yake. Cha pili ndicho hiki cha mkasa, kinaitwa *Asante Hata kwa Hili*, masomo thelathini na moja ya kushukuru, kila siku ya mwezi na somo lake.

Sasa mtu anayeandika kitabu cha shukrani mngetegemea awe ametulia, uso unang'aa. Mimi miezi ile nilikuwa nang'aka, sing'ai. Mchapishaji wangu, kijana mmoja wa Mbeya anaitwa Ombeni, mtu mzuri tu ila ana haraka kama anafukuzwa, alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. Dada Yusta, una wafuasi wangapi mtandaoni? Dada Yusta, mwandishi mwenzako wa Mbozi ameshatoa kitabu cha nne. Dada Yusta, jirekodi video ukisoma, ila tabasamu, hiki ni kitabu cha furaha. Najirekodi, natuma, anajibu, "Tabasamu zaidi." Narekodi tena mpaka mashavu yanauma, na mteja amekaa hapo ananiangalia anafikiri nimechanganyikiwa. Asubuhi nikiamka sikuwa nasali kwanza, nilikuwa naangalia simu kwanza, nione wangapi wamependa ile picha ya jalada, na kama ni wachache siku nzima nashona mikono kinyume.

Ndipo ikaja ile siku. Ilikuwa saa tisa mchana, nina pini nne mdomoni, mbele yangu amekaa mteja wa upande wa Nakonde, mama mmoja wa Kizambia anasubiri gauni la sendofu ya mdogo wake, kila dakika mbili ananiambia "mukwai, nachelewa," (mukwai ndiyo heshima ya kwao) na simu inaita. Ombeni.

"Dada, ushuhuda uko wapi?"

"Ushuhuda gani?" (Kwa pini mdomoni ilisikika vingine kabisa.)

"Ushuhuda wa msomaji, wa kuweka nyuma ya kitabu. Jalada linaingia mtamboni saa kumi. Bila ushuhuda kitabu kinaonekana yatima."

Jamani, si kwamba sikuwa nimejaribu. Nilimpa mswada Baba Neema, akalala ukurasa wa nne, tena na miwani. Nilimpa mwinjilisti wetu, akasema ataomba kwanza, na nadhani mpaka leo anaomba. Sasa imebaki saa moja, yule mama wa Nakonde amesimama, mimi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kama tundu la sindano. Nikatema pini, nikachukua simu, nikaandika:

"Nilikuwa na huzuni ya miaka saba ndani ya nyumba yangu. Kitabu hiki kimenifungua. Sasa nacheka tena. Mama Lusekelo, Ibaba, Ileje."

Nikatuma. Lusekelo nilichagua kwa sababu kwa watu wa milima ya Ileje maana yake ni furaha, na Ibaba nilichagua kwa sababu ni mbali na kuna baridi, nikaona watu wa kule hawatakuwa na muda wa kusoma migongo ya vitabu. Nikajiambia huo si uongo, mama wa namna hiyo lazima yupo mahali, ila tu hajakisoma bado. Nikarudi kwenye gauni. Hata moyo haukunidunda, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Ombeni akapiga baada ya dakika tano, sauti imebadilika. "Dada, nimelia." Basi badala ya kuuweka ushuhuda nyuma ya kitabu tu, akautengenezea tangazo la uzinduzi, maneno ya Mama Lusekelo yako juu makubwa, jina langu chini dogo kama la fundi aliyechora kibao, akalirusha kwenye magrupu yote, la kwaya, la akina mama, la walimu, mpaka la madereva wa malori.

Jumapili, nje ya kanisa, Mchungaji akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mama Neema, huyu mama wa Ibaba amenigusa. Siku ya uzinduzi aje asimame mwenyewe ashuhudie."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikasema, "Mchungaji, anaumwa."

"Pole yake! Anaumwa nini?"

Nikaangalia chini, nikaona viatu vya Mchungaji, neno likatoka lenyewe. "Miguu."

Kumbe nyuma yangu amesimama Mama Nzunda, mwenyekiti wa akina mama. Kama kuna mtu humwambii kwamba mtu anaumwa ukategemea aseme pole halafu aende nyumbani kwake, ni Mama Nzunda. "Miguu!" akasema, mkono kifuani. "Na huzuni ya miaka saba, na miguu tena! Huyu tunambeba."

Wakambeba kweli. Jumapili iliyofuata, katikati ya ibada, kanisa zima likanyoosha mikono kuelekea upande wa Ileje (kulikuwa na ubishi kidogo Ileje iko upande gani, wengine walielekea Zambia) wakaiombea miguu ya Mama Lusekelo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, magoti, nyayo, na mimi ndiye niliyeitikia Amina kwa sauti kuliko wote. Na machozi yalinitoka, Mungu anisamehe, machozi ya kweli kabisa, maana kufikia hapo nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma yule mama. Akina mama wakakusanya zawadi: sukari, sabuni, kitenge, na jozi mbili za soksi nzito za sufu kwa ajili ya miguu. Nikakubali kuzipeleka. Zikakaa kibandani kwangu ndani ya mfuko mweupe, nikawa nashona nikiwa nimeupa mgongo.

Nyumbani nikamwambia Baba Neema ukweli wote. Akavua miwani. "Kwa hiyo hakuna mama."

"Hakuna."

"Na miguu hakuna."

"Baba Neema, kama hakuna mama miguu itatoka wapi?"

"Nenda kwa Mchungaji kesho," akasema. Nikasema nitaenda baada ya uzinduzi, ili nisiharibu furaha ya watu. (Furaha ya watu! Nilikuwa naogopa vitabu kurudi chini ya kitanda.)

Nisichokijua ni kwamba Mama Nzunda ana mdogo wake ameolewa Ileje, na alikuwa ameshampigia simu ili itangazwe makanisani kule, atafutwe Mama Lusekelo wa Ibaba mwenye huzuni na miguu, aletewe usafiri, Tunduma wanamsubiri. Hakuniambia. Alitaka iwe zawadi kwangu.

Jumamosi ya uzinduzi ikafika, na kwa kweli ilianza vizuri mno. Maua yamewekwa, vitabu vimepangwa mezani kwa mnara, Ombeni amekuja na suti, mama yangu ametoka Ihanda tangu alfajiri na ndizi mkungu mzima, kwaya imevaa sare niliyoshona mwenyewe. Nimesoma somo la kwanza, watu wamepiga makofi, nikaanza hata kutabasamu lile tabasamu la video. Ndipo Mama Nzunda, ambaye ndiye alikuwa mshereheshaji, akashika kipaza sauti huku macho yamemjaa maji.

"Wapendwa! Mungu wetu hashindwi! Mama Lusekelo wa Ibaba yuko mlangoni!"

Nikageuka. Anaingia mwanamke mrefu, mwenye nguvu, koti la baridi, kilemba cha bluu, anatembea katikati ya kanisa hatua kubwa kubwa kama mtu anayewahi shamba, na nyuma yake mwanamume mwembamba amejitwisha kiroba cha viazi mviringo. Kanisa likalipuka. "Anatembea! Anatembea!" Vigelegele, watu wamesimama juu ya mabenchi, kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa, mpiga kinanda analia huku anapiga. Mimi nikashika meza kwa mikono yote miwili, na nadhani hapo ndipo waliponiona wakasema nilizimia.

Mama Nzunda akamkumbatia. "Mama, tuambie, miguu inaendeleaje?"

Yule mama akashika kipaza sauti kwa tahadhari, kama anayeshika kuku asiye wake. "Miguu?" akasema, kwa lafudhi ile ya milimani. "Miguu yangu haijawahi kuuma hata siku moja."

"AMINAAA!" kanisa likaitikia.

"Hapana, nasema *haijawahi*."

"Amina!" Sasa ikawa ndogo kidogo.

Mume wake akatua kiroba. Akavua kofia, akasalimia vizuri, shikamooni wazee, Bwana Yesu asifiwe, akaomba kuuliza. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, lile tangazo la Ombeni, mtu alikuwa amelichapisha kule.

"Hapa pameandikwa huzuni ya miaka saba ndani ya nyumba," akasema. "Ndugu zangu, mimi ndiye mwenye hiyo nyumba. Mimi na huyu mke wangu tumeoana miaka saba. Ile ile. Tangu karatasi hii imefika, Ibaba sina amani. Nikienda kijiweni kwa kahawa watu wananyamaza. Mama mkwe amekuja na wazee wawili, wameniketisha, wananiuliza nimemfanya nini mtoto wao. Nikamwuliza mwenyewe, akasema hajui. Basi tumepanda pikipiki, tukapanda gari, tukashuka Mpemba, tumekuja kumwuliza mwandishi, hiyo huzuni aliiona lini?"

Nje nikasikia lori linapiga honi.

Ombeni alikuwa pembeni yangu, anaongea kwa midomo bila sauti: *Sema ni mwingine. Sema ni Mama Lusekelo mwingine.* Na mimi, wapendwa, nikafungua mdomo niseme hivyo hivyo, lakini yule mama akaniwahi. "Na msiseme ni mwingine. Ibaba Mama Lusekelo tuko wanne. Watatu wamekana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nimebaki mimi."

Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu. Nikamwangalia mama yangu, akavuta kanga akafunika mdomo, anaelewa, mama huwa anaelewa. Nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, lakini nikasema. Kwamba huyu mama sijawahi kumwona. Kwamba huzuni nimeitunga mimi, kucheka tena nimekutunga mimi, na miguu nimeitunga mimi nikiangalia viatu vya Mchungaji. Kwamba nimeandika masomo thelathini na moja ya kushukuru na moyoni sikuwa nashukuru hata kidogo, nilikuwa nahesabu watu walionipenda kwenye simu. "Nisameheni," nikasema. "Baba Lusekelo, wewe hasa unisamehe. Nimeitia doa nyumba yako nisiyoijua."

Huko nyuma sauti ya mtu ikauliza, "Na maombi yetu je? Tumeombea miguu ya nani?"

Mchungaji akasimama. Alikuwa amekasirika, niliona shingoni, na alinitazama kwa namna ambayo nilijua yatafuata maongezi ofisini (yalifuata, saa mbili nzima, na kiti chenyewe kigumu). Lakini akasema, "Maombi hayapotei njia, wapendwa. Humu ndani kuna wenye miguu inayouma."

Na bibi mmoja wa benchi la tatu, bibi ambaye huwa haongei kanisani, akainua mkono. "Kweli, Mchungaji. Goti langu tangu Jumapili ile ni jepesi."

Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni yule mama wa Ibaba. Ana kicheko kinachotoka chini kabisa, kinapanda taratibu kama maji yanayochemka, na kikifika juu huwezi kubaki nje. Akacheka mpaka akakaa. Mume wake akajikaza, akajikaza, akashindwa. Mpiga kinanda akacheka, Mama Nzunda akacheka huku analia, hata mama yangu mabega yalikuwa yanatikisika chini ya kanga.

"Mimi njia nzima nilijua jina langu limeibiwa na mchawi," akasema Mama Lusekelo akijifuta macho. "Kumbe ni fundi cherehani!" Halafu akanyoosha mkono. "Haya, kitabu chenyewe kiko wapi? Nimekisifia mbele za watu na sijakisoma. Nipe nione kama nilisema kweli."

Nikampa. Akakifungua katikati tu, popote, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kinafuata mstari. Lilikuwa somo la kumi na sita. Niliandika habari za Neema wangu alipolazwa, mwaka wake wa tatu, siku tisa hali wala hanywi, ni dripu tu, na siku ya kumi akafumbua macho akaomba uji, mimi nikatoka nje ya wodi kutafuta sukari huku nasema asante kwa kila niliyekutana naye, mpaka kwa mlinzi wa geti. Akasoma hadi hapo pa mlinzi. Kidole kikabaki pale pale.

"Huyu mtoto alipona?" akaniuliza, bila kipaza sauti, kama tuko wawili jikoni.

"Alipona. Ni yule kwenye kwaya, mstari wa pili, mwenye miwani."

Akamtazama Neema. "Mimi Lusekelo wangu aliomba kiazi," akasema. "Kiazi cha kuchoma. Nilikichoma huku natetemeka. Sikujua kama jambo dogo vile mtu anaweza kuliandika."

Wapendwa, sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nimeaibika kuliko nilivyowahi kuaibika, uso unawaka, na hapo hapo ndani ya aibu, nikaisikia ile furaha niliyokuwa nayo zamani nilipoanza kuandika kwenye daftari bila kujua kama kuna mtu atasoma. Ilirudi yenyewe, bila kutabasamu kwa video. Mtu mmoja alikuwa amesoma. Mmoja, kweli.

Basi mchana ule mimi na Baba Neema tulikaa na kalamu nene nyeusi tukafuta ushuhuda nyuma ya kila kitabu, kimoja kimoja, na watu wakawa wanalalamika wanataka vile ambavyo havijafutwa, eti ni vya kumbukumbu. Ombeni hakuniongelesha mpaka jioni, kisha akaja akachukua kalamu akasaidia. Ule mfuko mweupe nikamkabidhi Mama Lusekelo mbele ya akina mama, akataka kuurudisha, akina mama wakakataa, basi akautazama ndani, akasema, "Soksi nachukua. Ibaba ni baridi." Viazi wakatuachia, na Mchungaji akaandika barua yenye muhuri wa kanisa kwa mama mkwe wa Baba Lusekelo kwamba mkwe wake hana kosa. Naambiwa mama mkwe ameipigilia ukutani sebuleni kwake.

Baada ya mwezi ukaja ujumbe kutoka Ileje: "Nimemaliza. Somo la tano ni refu, mume wangu alisinzia. La tisa sijalielewa. La kumi na sita nimelisoma mara nne. Mama Lusekelo." Nikamtumia Ombeni, nikamwambia tukichapa tena huu ndio ushuhuda, uwekwe wote, na kusinzia kuwemo. Akasema dada hakuna mwandishi anayeweka kitu kama hicho nyuma ya kitabu chake. Nikamwambia yupo mmoja, yuko Tunduma.

Na nimejiwekea nadhiri, mnisikie vizuri ili mnikumbushe: mdomoni mwa mtu mwingine siweki maneno tena, hata jalada likisubiri, hata mtambo ukizimika, hata kitabu kionekane yatima mpaka kilie. Na mtu akiniuliza ghafla habari ninayoificha, naangalia juu, siangalii tena viatu vyake.